Kamba ya Kulia kwa Dirisha

Baba yangu alikuwa fundi wa milango. Alitengeneza pia vitanda, meza na makabati, kwa kuwa si kila siku mtu anahitaji mlango, lakini ukimuuliza kazi yake atakujibu "milango" halafu anyamaze, kana kwamba hayo mengine yalimtokea kwa bahati mbaya. Mtaa mzima ulimwita Fundi Mlango. Mimi aliniita Randa. Alisema nikimpitia mtu lazima abaki na maranda miguuni. Sikatai. Mdomo wangu hauna breki na mikono yangu haijui kutulia, na haya ninayoyasimulia yametokana na hiyo mikono.

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yetu, chenye dirisha moja pana na meza ya kazi ambayo kingo zake zilikuwa zimeliwa na patasi kwa miaka mingi. Mama alifanya kazi humo pamoja naye. Hakushika msumeno wala nyundo. Kazi yake ilikuwa kushika upande wa pili. Baba akitaka kupima ubao, mama alikuwa kule mwisho, anataja namba kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia nivae sweta. Watu waliopita walisema, tazama wale wazee wanavyopendana, hata ubao wanaupima wawili. Mimi niliwatania: "Nyinyi hata kiberiti mtakipima mmeshikana mikono." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba aliniambia niangalie mambo yangu.

Mama alifariki mwezi wa pili, baada ya kuumwa siku nne tu. Nilikuja kutoka mji ninakofanyia kazi, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, nikakaa wiki mbili. Watu wakifiwa wengine hulia, wengine hulala. Mimi hufagia. Nilisafisha nyumba yote, na nilipomaliza nyumba, baba alipokuwa amelala, nikaingia karakana. Nilijaza magunia matatu. Nilitupa makopo ya gundi iliyokauka, vipande vya sandipepa vilivyolainika kama karatasi ya kawaida, bawaba zenye kutu, penseli fupi kuliko kidole, kalenda za miaka iliyokwisha. Kulia kwa dirisha, kwenye msumari, palikuwa na kamba chafu ya katani, ndefu kunizidi, imejaa mafundo na vitambaa vilivyofungwa hapa na pale. Nilijaribu kufungua fundo moja ili kamba itumike kwa kazi nyingine. Likanishinda. Nikaitia guniani, na kwenye msumari ule ule nikatundika futi mpya ya chuma niliyomnunulia, ile inayojikunja yenyewe ukibonyeza. Nilijiona binti mwema kweli kweli.

Baada ya hapo kazi ya baba ikaanza kuharibika. Muuza dawa, mteja wake wa zamani, aliurudisha mlango kwa sababu ulipungua kidole kizima upande wa juu. Baba akatengeneza mwingine, huo ukazidi, haukuingia kwenye fremu. Kisha ikaja meza iliyochechemea, kisha kabati ambalo milango yake miwili haikukutana. Nilikuwa nakuja kila Jumapili, na kila Jumapili nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake katikati ya karakana, mikono juu ya magoti.

"Baba, futi si unayo?" nilimwambia. "Pima mara mbili, ukate mara moja. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unatuimbia hivyo."

"Mkono umechoka," alisema.

Mimi nikaamua ni huzuni. Ilikuwa huzuni, sikatai, lakini niliifanya hiyo huzuni kuwa ufunguo wa kila kitu. Akijikwaa, huzuni. Akimwaga chai, huzuni. Akinishika mkono barabarani, jambo ambalo hakulifanya hata nilipokuwa mtoto, nilisema moyoni, maskini, upweke huu. Nikaanza kupanga jinsi ya kumrudisha kazini. Niliongea na duka moja la mashine, wakakubali kumletea msumeno wa umeme wa mezani, ule wenye diski. Ungefika Jumatatu. Nilimwambia kwamba sasa atakata mbao kumi kwa muda aliokuwa akikata moja, na hakuna tena kuchoka mkono.

"Msumeno mzuri," alisema baba.

Na Jumamosi, siku mbili kabla ya huo msumeno kufika, nikampeleka kwenye maonyesho.

Mimi ninafanya kazi kiwanda cha uchapaji. Ninapanga maandishi kabla ya kuchapwa. Kiwanda chetu ndicho kilichochapa vibao vya maonyesho ya ubunifu wa kisasa yaliyofanyika kwenye jengo lililokuwa zamani ghala la nyuzi, na wenye maonyesho walitupa tiketi. Nilipanga vibao vyote kwa mkono wangu, kwa hiyo nilijua kila kitu kitakachokuwemo kabla sijakiona. Chini ya kila kibao kulikuwa na neno "Usiguse". Kimoja tu kiliandikwa "Tafadhali gusa", na mimi nilidhani ni kosa, nikalifuta. Ilibidi mbunifu wa kitu hicho apige simu kunigombeza ndipo nikalirudisha.

Baba alivaa koti lake la kijivu na viatu vya harusi za watu. Tulipoingia ukumbini alisimama kwanza, akainua uso, akanusa. Kisha akakaribia kitu kirefu kilichosimama karibu na mlango, akakiinamia kwa heshima.

"Habari za kazi, mwanangu?" alisema.

Kilikuwa kiango cha makoti. Kazi ya sanaa ya mbunifu mmoja, chenye mabega na shingo ndefu. Nilicheka mpaka mhudumu wa ukumbi, dada mmoja mnene mwenye sare ya bluu, akaja kuangalia kuna nini. Baba naye akacheka. Mzee wangu ni mtani tangu zamani, kwa hiyo nilijua amerudi, ule utani wake umerudi, na machozi yakanilengalenga kwa furaha. Nikikumbuka kicheko changu kile, natamani ardhi inimeze.

"Nisomee," alisema mbele ya kila kitu. "Macho ya mchapaji ni tofauti na ya seremala." Nikamsomea vibao. Nilisoma kwa madaha, kwa kuwa ni kazi yangu, na pale nilipoona nukta imekaa vibaya nilinung'unika. Alinishika mkono muda wote. Vitu vingi alivipita bila kusema kitu. Kiti cha chuma kilichopindwa kama utepe alikipita. Zulia la rangi saba, lililowakusanya watu wakipiga picha, alilipita pia. Nikamwuliza halijamvutia? Akasema, zulia ni la miguu, na miguu yake imechoka.

Cha kwanza alichokipenda kilikuwa taa. Ilikuwa imetengenezwa kwa maranda ya msonobari, maranda mapana yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa kama kitunguu kikubwa, na balbu ndani yake. Baba alisimama hapo dakika nyingi. Mwanga wa rangi ya asali ulimwangukia usoni.

"Mimi maranda ninayachoma," alisema. "Miaka arobaini ninachoma taa za watu."

Cha pili kilikuwa kabati dogo la droo sita. Dada mhudumu alikuwa na kazi ya kulionyesha kila baada ya nusu saa. Alivaa glavu nyeupe, akasukuma droo ya juu taratibu, na ya chini ikatoka yenyewe, ikivuta pumzi kama mtu aliyelala. Akasukuma hiyo ya chini, ikatoka ya kati. Watu wakapiga makofi wakidhani kuna mashine. Baba alikuwa ametega sikio.

"Hakuna mashine hapo," alimwambia yule dada. "Ni hewa. Imekosa pa kupita. Droo zimekaa sawasawa mpaka hewa ya hii inaisukuma ile. Mwanangu, hebu rudia, nisikie tena."

"Kusikia, baba?" alisema dada.

"Kuona. Kusikia. Wewe rudia tu."

Dada alirudia mara tatu, kinyume cha utaratibu, na baba alitabasamu kila droo ilipopumua. Sikuwa nimeona tabasamu lile tangu mwezi wa pili. Nilisema moyoni, Jumatatu msumeno unafika, mambo yatakuwa sawa.

Cha tatu kilikuwa kwenye meza ndogo ya pembeni, mahali ambapo wageni wengi walikuwa wameanza kutafuta mlango wa kutokea. Nilikiona kibao changu cha "Tafadhali gusa" nikamwambia baba, kwa utani, kwamba hapa ndipo waliponigombeza. Juu ya meza palikuwa na kamba ya pamba iliyotungwa shanga za mbao.

"Wanasema tuguse," nilimwambia. "Haya, gusa, tumalize tukanywe chai."

Alinyoosha mkono. Ukatua pembeni ya kamba, kwenye meza tupu, ukapapasa, ukaipata. Vidole vyake vikapita juu ya shanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vikasimama. Vikarudi mwanzo, vikaanza tena, polepole.

"Ni nini hii?" aliuliza. "Nisomee."

Nikasoma: "Kamba ya kupimia, kwa mafundi wasioona. Shanga moja kila sentimita kumi."

Baba aliishika ile kamba kwa mikono miwili, akaileta kifuani.

"Mama yako alifunga mafundo," alisema. "Hakuweka shanga. Fundo, na penye kitasa kitambaa, na penye bawaba vitambaa viwili. Ilikuwa kulia kwa dirisha, kwenye msumari."

Nilisimama pale mbele ya meza. Niliiona ile kamba chafu. Niliona ninavyohangaika na fundo lake kwa kucha, kisha ninaitupa guniani kwa hasira kwa sababu imenishinda. Nikainua mkono, nikanyoosha vidole vitatu mbele ya uso wake, karibu kabisa na pua. Hakupepesa. Lakini upepo wa mkono aliusikia.

"Usinipime, Randa," alisema kwa upole. "Sioni vidole. Naona mwanga tu, na vivuli."

Tulikaa nje, kwenye benchi la saruji, jua la saa sita likituchoma kichwani. Alinisimulia. Ilianza miaka sita nyuma, ukungu kwenye pembe za macho, halafu ukungu ukaja katikati. Hospitali walimwambia amechelewa. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, kabla yake mwenyewe, siku alipomwona anatafuta penseli iliyokuwa mbele yake. Wakakubaliana wasimwambie mtu yeyote. Mama angesoma namba. Na kwa siku ambazo mama angekuwa sokoni au kanisani au anaumwa mgongo, alimfungia kamba. Waliitengeneza kwa mwaka mzima, fundo baada ya fundo. Mafundo arobaini na moja. Unene wa ubao, upana wa meza, kimo cha kigoda, mahali pa bawaba, mahali pa kitasa, mpaka kimo cha mlango, ambacho kilikuwa na fundo la mwisho, kubwa kama zabibu.

"Mbona hamkuniambia mimi?"

"Wewe? Ungekuja na basi la kwanza. Ungefunga karakana kwa kufuli, ukanikalisha sebuleni na redio." Alitabasamu kidogo. "Nasema uongo?"

Haukuwa uongo.

"Na kamba ilipopotea, baba, mbona hukuuliza?"

"Ningekuuliza nini? Kamba ya nini?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Miezi saba napapasa kuta. Nimepapasa chini ya meza, juu ya kabati, nyuma ya mbao. Kila asubuhi nanyoosha mkono pale kwenye msumari nakutana na kile chuma chako. Nilidhani mama yako aliihamisha kabla hajaumwa, akasahau kuniambia. Nimemlaumu, Randa. Marehemu, nimemlaumu."

Hapo ndipo nilipomwambia. Sikuzunguka. Nilisema ni mimi, niliitupa, nilidhani ni takataka. Nililia kwa sauti mbele ya wapita njia, mwanamke mzima mwenye mkoba.

Baba alikuwa anasugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada, kama mtu anayehesabu mafundo. Kisha akauliza, "Takataka za mtaa wetu, wanabeba siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatano," alirudia. Akafikiri kidogo, kama vile bado kulikuwa na njia ya kuiwahi hiyo Jumatano ya mwezi wa pili. "Basi."

Sijawahi kugombezwa hivyo tangu nizaliwe, na neno lenyewe ni hilo moja.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikawangoja watu wa msumeno mlangoni. Nikawarudisha. Lakini kabla hawajaondoka, walipokuwa wameishusha ile diski yenye meno na kuiegemeza ukutani wakingoja niweke sahihi ya kuurudisha, niliiangalia, nikaangalia mikono ya baba, nikalazimika kuingia ndani kunywa maji.

Nilitaka kuwatafuta wenye ile kamba ya shanga niwaombe wamtengenezee. Alikataa. Alisema ni kamba nzuri na ndiyo aliyoipenda kuliko vyote mle ndani, lakini inapima kila kitu sawasawa, na yeye hatengenezi kila kitu. Basi nikanunua katani, nikakaa na futi yangu ya chuma, na kwa siku moja nikafunga mafundo yote arobaini na moja kwa vipimo alivyonitajia, nikampelekea kwa kujidai. Alipitisha vidole, akacheka kwa masikitiko.

"Ulipima kwanza, ukatia alama zote, ndipo ukafunga?"

"Ndiyo."

"Kila fundo linakula kamba. La kwanza likila, la pili limesogea. Hapa kwenye mlango umepotea futi nzima. Mama yako naye alianza hivyo hivyo, tukaharibu mbao nne." Akapapasa tena. "Na umekaza mno. Unafunga kwa hasira. Mkono wangu haupati nafasi ya kusoma."

Tukaanza upya, kwa utaratibu wake. Fundo moja kila Jumapili. Mimi napima, nafunga, napima tena, nafungua, nafunga. Yeye kwa wiki nzima analitumia peke yake, kwa msumeno wa mkono na patasi, na likimkubali ndipo anaruhusu linalofuata. Likikataa, tunalifungua. Kuna fundo tulilifungua Jumapili tatu mfululizo, na ya tatu nilipiga meza kwa ngumi, naye akasema, "Randa, mama yako alikuwa analia. Wewe unapiga meza. Afadhali meza."

Tulianza na vipimo vifupi, kama walivyoanza wao. Unene wa ubao. Kina cha tundu ambamo ulimi, ile ncha ya mguu wa kiti, unaingia. Upana wa kiti. Ilipofika Juni ya mwaka uliofuata tulifika fundo la kumi na moja, ambalo ni kimo cha kigoda. Lilikubali mara ya kwanza. Baba alitengeneza vigoda sita kwa wiki tano, akanikalisha juu ya kila kimoja, akaniambia nijitikise. Hakuna kilichochechemea. Muuza dawa alichukua viwili, na safari hii hakuvirudisha.

Baba alifariki Agosti, usingizini, mchana, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya fundo la kumi na mbili.

Karakana nimeifungua mara moja tu tangu siku hiyo, na sikufagia. Maranda yako chini pale pale alipoyaangusha. Kamba ipo kwenye msumari, kulia kwa dirisha. Ukianza juu, vidole vinakutana na mafundo yote kumi na moja, yamelegea vizuri, nilikuwa nimeanza kujifunza. Baada ya kimo cha kigoda hakuna tena kitu. Kamba inaendelea kushuka, laini, mpaka sakafuni, na nimeipima: inatosha mlango.